Kwa Shujaa Huenda Kilio: Okonkwo na Vijana Wetu wa Bonde la Ufa

Kila mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa katika sehemu hizi zetu za Nakuru, Njoro, Molo na Rongai, huwapo wavulana wanaorejea darasani wakiwa si wale walioondoka. Walioondoka walikuwa watoto. Wanaorudi ni wanaume, au ndivyo walivyoambiwa. Wametoka jandoni. Mwendo umebadilika, sauti imebadilika, na namna ya kumtazama mwalimu, hasa mwalimu wa kike, nayo imebadilika.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha fasihi katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya mji wa Nakuru, mwalimu mwenzangu wa kike alimwomba mmoja wa wavulana hao afute ubao. Kijana alikataa. Hakukataa kwa matusi. Alikataa kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kukata shauri. Alisema kwamba yeye si mtoto tena wa kutumwa na mwanamke. Akaletwa kwangu, maana mimi ndimi niliyekuwa mwalimu wake wa darasa. Nilipomwuliza ana nini cha kujitetea, alinijibu hivi: "Mwalimu, hata Okonkwo hangekubali."

Nakiri, msomaji mpendwa, kwamba jibu hilo lilinichoma kuliko ule utovu wa adabu wenyewe. Majuma machache kabla ya likizo tulikuwa tumemaliza kusoma riwaya ya Chinua Achebe, ile iliyochapishwa London mwaka wa 1958 mwandishi akiwa na umri wa miaka 27 tu. Na mimi, kwa mkono wangu huu, nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba Okonkwo ni nguzo ya mila ya Umuofia iliyobomolewa na mzungu. Wanafunzi walinakili. Mtihani ukaja, wakaandika walivyonakili, nami nikawapa alama. Kijana huyu alikuwa amefanya jambo moja zaidi ya wenzake: alikuwa ameamini.

Tangu siku hiyo nimeirudia riwaya ile mara nyingi, nami nimefikia uamuzi kwamba sisi walimu tumeifundisha kwa haraka mno. Tumewaambia vijana kwamba Okonkwo ndiye mila na mila ndiyo Okonkwo. Achebe hakuandika hivyo. Ukikisoma kitabu kwa makini utaona kwamba, muda mrefu kabla ya mmishenari wa kwanza kutia mguu Umuofia, Okonkwo alikuwa akigombana na mila ya baba zake, na wakati mwingine akiivunja waziwazi.

Chukua mfano wa Juma la Amani. Mila iliamuru kwamba katika juma hilo, kabla ya kupanda viazi vikuu, mtu yeyote asimwinulie mwenzake mkono wala asimtolee neno kali, kwa heshima ya Ani, mungu wa kike wa ardhi. Okonkwo alimpiga mkewe mdogo Ojiugo kwa sababu alikuwa amekwenda kusukwa nywele na hakurudi mapema kupika. Nani aliyemkemea? Si mzungu. Ni kuhani wa Ani, aliyefika nyumbani kwake kabla ya jua kutua, akakataa hata kula kola yake, akamtoza mbuzi jike, kuku, kitambaa na kauri 100. Kwa hivyo, mila ndiyo iliyosimama upande wa mwanamke aliyepigwa.

Chukua tena kisa cha Ikemefuna, ambacho ndicho moyo wa kitabu chote. Kijana huyu alitolewa na kijiji cha Mbaino kuwa fidia ya mwanamke wa Umuofia aliyeuawa huko. Alikaa nyumbani kwa Okonkwo miaka mitatu, akawa kaka kwa Nwoye, akamwita Okonkwo baba. Mungu wa vilima na mapango alipoamuru auawe, Mzee Ezeudu, ambaye hapakuwa na mtu mkubwa kuliko yeye katika mtaa ule, alikuja mahsusi kumwonya Okonkwo asitie mkono wake katika mauaji hayo, kwa kuwa mtoto anamwita baba. Okonkwo alikwenda. Na kijana alipopigwa pigo la kwanza akamkimbilia yeye amwokoe, yeye ndiye aliyemmaliza kwa panga. Achebe hakutuficha sababu: Okonkwo aliogopa asije akaonekana mnyonge.

Aliogopa! Neno hili ndilo ambalo mimi sikuliandika ubaoni. Mtu tuliyemsifu kwa ushujaa alifanya tendo lake baya kuliko yote kwa ajili ya woga. Woga huo ulianza utotoni, siku mwenzake wa kucheza alipomwambia kwamba baba yake ni agbala, neno lenye maana ya mwanamke, na pia mwanamume asiyekuwa na cheo chochote. Babaye, Unoka, alipenda zumari na maongezi, akafa na madeni. Mwana akaapa kuchukia kila alichokipenda baba, upole ukiwamo. Aliupata utajiri, akaoa wake watatu, akashinda mieleka, akapata vyeo. Lakini maisha yake yote alikuwa akimkimbia marehemu.

Na tazama jinsi Achebe alivyoweka mtego wake kimyakimya. Neno lile lile agbala, alilolichukia Okonkwo kuliko yote, ndilo pia jina la mungu ambaye Umuofia nzima humsujudia, na msemaji wa mungu huyo ni mwanamke, Chielo. Usiku Chielo alipokuja kumchukua binti yake Ezinma kumpeleka pangoni, yule simba wa Umuofia alibaki akimsihi. Kisha akalichukua panga lake akaenda pangoni, akarudi, akaenda tena, zaidi ya mara moja, kwa hofu ya mzazi. Huyo ndiye baba aliyefichwa ndani ya Okonkwo. Lau angalimruhusu atoke mchana, pengine Nwoye asingalimkimbia.

Kuna kisa kingine kifupi ambacho wanafunzi hukiruka kwa sababu hakiulizwi katika mtihani. Ni cha Mzee Ndulue na mkewe Ozoemena, waliofariki siku moja. Watu walisimulia kwamba Ndulue hakuwa akifanya jambo lolote bila kwanza kumwambia mkewe. Okonkwo alishangaa kusikia hivyo, kwani alidhani Ndulue alikuwa mwanamume wa nguvu ujanani. Wenzake wakamhakikishia kwamba kweli alikuwa hivyo, na rafiki yake Obierika akasema kwamba alikuwa ameiongoza Umuofia vitani. Ubishi wote juu ya uanaume umo katika mazungumzo hayo mafupi barazani. Umuofia iliweza kumwona mtu yule yule kuwa jemadari na mume msikivu. Okonkwo hakuweza.

Mila hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka uhamishoni Mbanta, kwao mamaye, kwa miaka saba, bunduki yake ilipolipuka matangani na kumwua mwana wa marehemu Ezeudu. Huko mjomba wake Uchendu alimkalisha chini mbele ya jamaa akamwuliza kwa nini watoto wao hupewa jina la Nneka, lenye kumtukuza mama kuliko wote. Okonkwo, bingwa wa mila, hakuwa na jibu. Ilimbidi mzee amfundishe kama mwari aliye jandoni: kwamba mtoto anapopigwa na baba hukimbilia kibanda cha mama, na kwamba nchi ya mama ndiyo kimbilio la mtu siku ya msiba.

Clement Ndulute alipoitafsiri riwaya hii kwa Kiswahili, tafsiri iliyotoka Nairobi mwaka wa 1973, iliitwa Shujaa Okonkwo. Jina hilo limenikalia moyoni. Je, ni sifa au ni swali? Wahenga wetu walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Aghalabu tunaitumia methali hii kumtahadharisha mtu anayejitia katika hatari bila sababu. Nyumbani kwa Unoka mwoga, licha ya madeni, kulisikika zumari na vicheko. Nyumbani kwa Okonkwo shujaa kulisikika kilio tangu mwanzo hadi mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa kitanzi mtini, kifo ambacho mila ilikihesabu kuwa chukizo, hata jamaa zake wasiweze kumzika kwa mikono yao.

Sasa turudi nyumbani. Naweza kuulizwa: mambo ya Waigbo yanatuhusu nini sisi wa Bonde la Ufa? Yanatuhusu sana, maana nasi tuna mila ambazo zimeshikwa shingo na watu wasiozijua.

Katika jamii za Wakalenjin, mvulana hakutahiriwa tu akaachwa. Aliingizwa katika rika lenye jina lililopokezwa kutoka kizazi hadi kizazi, kama vile Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige au Nyongi, na majina hayo huzunguka yakarudi tena. Wakati wa kukaa faraghani alikuwa na mwalimu wake, motiriot, aliyemfunza heshima kwa wakubwa, siri za jamii na wajibu wake kwa nyumba yake na kwa majirani. Kwa Wagikuyu alikuwapo mtu wa kumshika mkono mwari, kumtunza na kumwelekeza. Kwa hivyo kisu kilikuwa mlango tu wa kuingilia darasani, na darasa lenyewe lilikuwa refu kuliko lile la kisu.

Wala mila hizo hazikumdharau mwanamke kama wanavyodhani vijana wanaorudi Januari. Wagikuyu hujiita nyumba ya Mumbi, na koo zao huitwa kwa majina ya mabinti wa Mumbi. Miongoni mwa Wanandi na Wakipsigis, mwanamke asiyejaaliwa mtoto wa kiume aliweza kulipa mahari akaoa mwanamke mwingine, akashika nafasi ya mume katika nyumba hiyo, na watoto watakaozaliwa wakahesabiwa kuwa wake na warithi wa mali yake. Mila iliyoweza kumpa mwanamke heshima ya mume haiwezi kutumiwa leo kumkataza mwalimu wa kike kuomba ubao ufutwe.

Je, ni nini basi kilichotokea? Hapa sina budi kumtendea Okonkwo haki. Ni kweli kwamba mzungu alivunja vitu. Wamaasai walihamishwa kutoka sehemu hizi za Naivasha na Nakuru kwa mkataba wa mwaka wa 1904, na wale waliopelekwa Laikipia wakahamishwa tena kwa mkataba wa mwaka wa 1911. Lord Delamere na walowezi wenzake wakachukua ardhi kuanzia Njoro. Waliokuja kufanya kazi katika mashamba hayo walikuwa watu wazima, wenye wake na watoto, lakini mlowezi aliwaita "boi". Kuanzia takriban mwaka wa 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, karatasi iliyotiwa ndani ya kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Mtu aliyepita jandoni, aliyefunzwa kwamba yeye ni ngao ya jamii, akawa mtoto mbele ya macho ya watoto wake.

Jeraha hilo ni la kweli, nami sitamwonea mtu kwa kulitaja. Lakini jeraha halikuponywa, lilirithishwa. Aliyedharauliwa shambani alikwenda kudai heshima yake jikoni, kwa fimbo. Babu alimpiga nyanya, baba akampiga mama, na mwana akajifunza kwamba heshima hudaiwa kwa aliye dhaifu kuliko wewe. Baadaye mashamba yakagawanywa, wazee waliokuwa wakifundisha wakapungua, na muda wa kukaa faraghani ukafupishwa ili usigongane na muhula. Katika enzi ya KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, wavulana wengi walitahiriwa Desemba ile ile baada ya mtihani na kutarajiwa shuleni mwanzo wa mwaka. Wengi walipelekwa zahanati, wakauguzwa na vijana waliowatangulia kwa mwaka mmoja au miwili. Kijana wa miaka 16 anamfunza nini kijana wa miaka 14 kuhusu ubaba? Anamfunza majivuno. Kisu kimebaki, motiriot hayupo.

Na sisi wa sehemu hizi tumekwisha kuyaona matunda yake. Mwaka wa 1992 Molo na Olenguruone ziliwaka moto. Mwaka wa 1998 ikawa zamu ya Njoro. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwezi wa Januari 2008, mji wa Nakuru na ule wa Naivasha ukaingia katika maafa yaliyoua zaidi ya watu 1,100 nchini kote. Wanasiasa walipanga na wenye fedha walifadhili, hilo tume za uchunguzi zimelieleza. Lakini aliyetumwa na panga alikuwa kijana, na neno alilochomwa nalo lilikuwa lile lile la Okonkwo: wewe ni mwanamume au la? Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliandika kwamba wanaume walikamatwa wakatahiriwa kwa nguvu. Tafakari juu ya hilo, ewe mwanafunzi. Ibada iliyokusudiwa kumtoa mtoto utotoni iligeuzwa kuwa silaha ya kumfedhehesha jirani.

Waliouawa na kufukuzwa katika miaka hiyo walikuwa akina Ikemefuna wetu. Walikuwa watoto waliokula katika sufuria za jirani, waliochunga pamoja, waliowaita wazazi wa wenzao baba na mama. Na kama ilivyokuwa Umuofia, walikuwapo wazee waliokuja mlangoni wakasema usitie mkono wako katika jambo hili. Na walikuwapo waliowasikiliza, wakaficha majirani zao vyumbani. Hao hawakuimbwa na mtu, lakini mimi nawahesabu kuwa ndio wanaume wa siku zile.

Najua watakuwapo wasomaji watakaosema kwamba mtoto wa kiume siku hizi amesahauliwa, na kwamba kumwongezea lawama ni kumzamisha. Nakubaliana nao katika sehemu ya kwanza. Msichana amepata mabingwa wa kumtetea, na sheria ya mwaka wa 2011 imepiga marufuku kabisa ukeketaji. Mvulana ameachiwa methali na mikwaju. Lakini kumkumbuka mvulana si kumrudishia rungu la Okonkwo. Ni kumpa kile ambacho Nwoye alikikosa. Nwoye hakuvutwa kanisani na hoja za mafundisho. Alivutwa na wimbo uliogusa swali alilokuwa nalo kuhusu watoto pacha waliolia mwituni na kuhusu Ikemefuna. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Vijana wetu nao wana maswali. Wasipopata mzee wa kuwajibu, watajibiwa na kijiwe, na genge, na chupa ya chang'aa.

Kwa walimu wenzangu nina maneno machache. Kwanza, tuache kufundisha Okonkwo kwa orodha ya sifa. Tuwaulize wanafunzi: ni nani katika kitabu hiki aliyeheshimiwa bila kuogopwa? Watamkuta Obierika, watamkuta Uchendu, watamkuta Ndulue. Pili, tuwatume nyumbani wakawaulize wazee wao, wa kike na wa kiume, walifunzwa nini wakiwa wari, kwa kadiri wanavyoruhusiwa kusema. Tatu, na hili ni gumu, tujitazame wenyewe. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na Katiba ya mwaka wa 2010 ikakazia. Mwalimu anayeshikilia kiboko huku akikosoa ngumi za Okonkwo hafundishi fasihi, anachekesha.

Na yule kijana wangu? Sikumchapa. Nilimpa kitabu nikamwambia akanitafutie mahali ambapo mila ya Umuofia inamsifu Okonkwo kwa kumpiga mke au kumwua mtoto. Nikampa siku tatu. Siku ya nne alikuja, akaniambia hakupaona. Alisimama kidogo mlangoni, kisha akauliza: "Mwalimu, kwani hakuna aliyemwambia?"

Nikamjibu kwamba walimwambia. Kuhani alimwambia, Ezeudu alimwambia, Obierika alimwambia, Uchendu alimwambia. Akanyamaza. Sijui alichokiamua moyoni, wala hakuomba radhi mbele yangu. Hilo lilikuwa kati yake na mwalimu wake. Lakini najua kwamba swali lile lilikuwa la mtu aliyeanza kukua.

Waama, mwacha mila ni mtumwa. Lakini anayeishika mila kwa upande wa makali tu, akauacha mpini, hujikata mwenyewe kwanza, kisha huwakata walio karibu naye. Desemba nyingine itafika, na wavulana wengine watakwenda jandoni. Sisi wazazi na walimu tutakuwa wapi? Wenye kazi ya kumwambia Okonkwo ni sisi, na afadhali tumwambie angali na umri wa miaka 14, kabla hajalishika panga.